Dirisha la Machi 2

Usiku wa kuamkia Machi 2, 2005, mtu mmoja aliyejificha nyuma ya jina la bandia aliandika maelekezo mafupi kwenye ukurasa wa intaneti wa jarida la BusinessWeek la Marekani. Pale palikuwa kijiwe cha vijana wanaoomba nafasi za kusoma shahada ya uzamili ya biashara, ile inayojulikana kila mahali kwa herufi tatu, MBA. Walikuwa wakikutana kuulizana habari, kutiana moyo na kupeana tetesi. Usiku huo tetesi iligeuka ufunguo. Ingia kwenye maombi yako kwa nywila yako mwenyewe, yalisema maelekezo, chukua namba yako ya utambulisho iliyomo ndani ya ukurasa, ipachike kwenye anwani hii hapa, bonyeza. Utaiona barua ambayo shule imekwisha kukuandikia lakini haijakutumia.

Shule ya biashara ya Harvard ilikuwa imewaambia waombaji wake kwamba majibu yatatoka Machi 30. Zilikuwa zimebaki siku 28.

Makumi kwa makumi walibonyeza. Tundu lilikuwa kwenye mfumo wa kampuni iliyoitwa ApplyYourself, iliyokuwa ikipokea na kutunza maombi kwa niaba ya vyuo vingi, kwa hiyo hawakuwa waombaji wa Harvard peke yao. Walikuwamo wa Stanford, wa Sloan ya MIT, wa Tuck iliyo Dartmouth, wa Fuqua ya Duke, wa Tepper ya Carnegie Mellon. Kabla ya mchana kampuni ilikuwa imeshaziba. Na wale waliowahi, waliona nini? Wengine waliona barua ya kukataliwa. Wengine waliona ukurasa mtupu, kwa sababu barua yao ilikuwa bado haijawekwa.

Nimewasimulia kisa hiki vijana wengi wanaokuja kwangu na fomu mkononi, na nimezoea kuona uso wa msikilizaji ukibadilika mahali palepale: tunapofika kwenye ukurasa mtupu. Mtu ameweka rehani miaka miwili ya maandalizi ili achungulie chumba ambacho ndani yake hamna kitu.

Jambo jingine linalowashtua ni jinsi walivyojulikana. Hapakuhitajika mpelelezi. Kompyuta inayopokea wageni huandika daftari la kila anayeingia, saa aliyoingia na alichofungua. Na kwa kuwa ufunguo ule ulitaka namba ya mwombaji mwenyewe, kila aliyechungulia alikuwa ameacha sahihi yake dirishani.

Carnegie Mellon walitangulia kutoa msimamo. Harvard wakafuata, na ndani ya wiki moja tu tangu usiku ule waombaji 119 wakawa wameondolewa, bila kujali kama barua zao zingekuwa za heri au za shari. MIT wakaondoa 32. Mkuu wa shule ya Harvard wakati huo, Kim Clark, alitoa taarifa isiyo na kigugumizi: shule yake inaandaa viongozi, kiongozi anatakiwa ajue jema na baya bila kusubiri kuambiwa, na hao waliofanya hivyo wameshindwa mtihani huo. Kwa kupima uzito wa idadi hiyo, kumbuka kwamba Harvard huchukua wanafunzi wa MBA wapatao 900 kwa mwaka.

Sasa nataka nikae kidogo upande wa waliofukuzwa, maana funzo lisilomsikiliza mkosaji ni kemeo tu, na kemeo halijamfundisha mtu.

Fikiria mwombaji amefikaje pale. Amefanya GMAT, mtihani wa kuombea nafasi katika shule za biashara, ambao umekuwapo tangu 1954, pengine mara mbili baada ya mara ya kwanza kumwangusha. Ameandika insha akazifuta, akaandika tena. Amemwomba mkuu wake wa kazi barua huku akijua kwamba kumwomba ni kumjulisha kuwa anataka kuondoka. Amelipa ada ya maombi isiyorudishwa, shule moja, mbili, nne. Amewaambia wazazi. Halafu akabonyeza kitufe cha mwisho, na baada ya kelele zote hizo kikaja kimya cha wiki na wiki. Hakuna kazi iliyobaki ya kufanya. Mikono iliyozoea kuhangaika inakosa pa kushika. Naamini kimya hicho huvunja watu wengi kuliko mtihani wenyewe, na ndicho kilichowaketisha wale vijana mbele ya kompyuta usiku wa manane.

Hoja zao nazo hazikuwa za kipuuzi. Sikuvunja kufuli, mlango ulikuwa wazi. Sikusoma faili la mtu mwingine, nimesoma langu. Sikubadilisha hata nukta. Habari ile inanihusu mimi kuliko inavyomhusu mtu yeyote duniani. Walikuwapo waandishi na wataalamu wa kompyuta, watu wenye akili zao, waliowatetea hadharani, wakasema mwenye aibu ni aliyejenga nyumba bila komeo, wala si mpita njia aliyetupa jicho. Kuhusu komeo, nakubaliana nao kabisa. Kampuni inayolipwa kutunza siri za watu haikupaswa kuwa na tundu ambalo kila mwenye namba yake angeweza kupita.

Lakini sisi tuna jambo la kutusaidia kulielewa hili, nalo ni posa. Umetuma washenga wako. Wamepokewa, wamekaribishwa chai, wamesema lililowaleta, wakaambiwa nendeni, tutawaletea jibu. Wenye binti sasa wanakaa ndani. Kuna shangazi anayetaka kujua ukoo wako, kuna mjomba aliyesikia jambo fulani juu yako, kuna binti mwenyewe ambaye hajasema. Mazungumzo yale yanakuhusu wewe tu. Jina linalotajwa ni lako. Dirisha la chumba liko wazi kwa ajili ya joto, na wewe unapita kichochoroni. Je, kwa kuwa habari ni yako, una haki ya kusimama chini ya dirisha? Kila mtu anajua jibu, na anajua vilevile kwamba ukionekana pale, hata kama ndani walikuwa wameshakubaliana kukupa, mazungumzo yataanza upya na hayatakuwa tena juu ya mahari. Habari inakuwa yako unapopewa. Kabla ya hapo ni ya wanaoijadili, na wana haki ya kubadili mawazo bila wewe kuwapo.

Watu wa nje waliona adhabu ya Harvard kuwa kali kupita kiasi. Mtu hawezi kuielewa akisahau miaka iliyotangulia. Desemba 2001 kampuni ya nishati ya Enron ilianguka, na ilipoanguka ilionekana kwamba hesabu zake zilikuwa zimepambwa kwa miaka. Kiongozi wake wa zamani, Jeffrey Skilling, alikuwa na MBA ya Harvard aliyoipata 1979. Mkuu wake wa fedha, Andrew Fastow, alikuwa na MBA ya shule ya biashara ya Kellogg. Julai 2002 ikafuata kampuni ya simu ya WorldCom. Maelfu ya wafanyakazi walipoteza ajira, na wengine akiba zao za uzeeni. Watu wakaanza kuuliza kwa sauti: hivi hizi shule za biashara zinafundisha nini? Mwezi Machi 2005 Skilling alikuwa bado anasubiri kusimama kizimbani. Ndipo wanatokea vijana wanaotaka kuingia katika madarasa yaleyale, na utetezi wao ni kwamba hakuna sheria iliyowakataza. Walimu wa shule hizo walikuwa wamekwisha kuusikia utetezi wa namna hiyo kutoka kwa watu wenye suti ghali zaidi.

Hata hivyo, kwangu mimi waliotenda haki zaidi ni Stanford. Wao walikuta majina 41. Hawakuyafuta siku ileile. Waliwataka wenye majina waeleze nini kilichotokea usiku ule. Kuuliza kabla ya kuhukumu ni jambo ambalo shule yoyote inayofundisha uongozi ingepaswa kulifanya, kwa sababu katika majina 119 au 32 si ajabu akawamo mtu ambaye ndugu yake ndiye aliyeketi kwenye kompyuta. Mwisho wa yote hakuna hata mmoja kati ya wale 41 aliyepewa nafasi, lakini walisikilizwa. Tuck nao walichukua njia yao: walilihesabu kosa kama doa moja kati ya mambo mengi ya kupimwa, wakawapokea baadhi ya waliochungulia. Kosa moja, usiku mmoja, na mwombaji akapata hukumu tofauti kulingana na anwani aliyoiandika kwenye fomu. Kijana anayeomba leo ajue kwamba hana uwezo wa kuchagua nani atampima siku atakapoteleza.

Waliochungulia angalau walifanya kwa haraka ya dakika chache. Wapo walionunua. Kulikuwa na tovuti iliyoitwa Scoretop, ikiwauzia watahiniwa maswali ya GMAT ambayo yalikuwa bado yanatumika katika mtihani. Juni 2008 mahakama ya shirikisho katika jimbo la Virginia iliamuru wenye mtihani, yaani baraza la GMAC, walipwe zaidi ya dola milioni 2. Lakini GMAC hawakutaka fedha tu. Walichukua diski ya kompyuta iliyotunza mambo ya tovuti ile, wakaisoma, na Septemba mwaka huohuo wakafuta alama za watu 84 na kuziarifu shule walizokuwa wameomba. Wengi wa hao walijulikana kwa maneno yao wenyewe: baada ya mtihani walikuwa wamerudi kwenye tovuti kuandika kwamba maswali waliyoyaona pale ndiyo waliyokutana nayo kwenye chumba cha mtihani. Tena ni sahihi dirishani.

Na wapo waliokopa maneno. Mwaka 2010 shule ya Smeal ya Chuo Kikuu cha Penn State iliwataka waombaji wa MBA waandike insha kuhusu uongozi wenye misingi ya maadili. Insha 29 zilikutwa na vipande vilivyonyakuliwa kutoka kwa waandishi wengine. Sina la kuongeza juu ya hilo.

Natoka Marekani sasa, maana madirisha ya namna hii yapo mtaani kwetu na hayahitaji mtaalamu wa kompyuta.

Nenda kwenye steshenari yoyote iliyo jirani na chuo, msimu wa maombi. Kijana anayepiga chapa ndiye mshauri wa nusu ya waombaji. Anajua kufungua akaunti, anajua ukubwa wa picha inayotakiwa, anajua mahali pa kuambatisha vyeti, na kwa hayo anastahili shukrani. Lakini ukifika kwenye andiko la kueleza kwa nini unataka kusoma, atakwambia usiumize kichwa: analo la jamaa aliyepata mwaka jana, tubadilishe jina na kazi. Hapo ndipo utakuta mhasibu wa kiwanda cha saruji akieleza jinsi alivyovutiwa na biashara tangu alipokuwa akimsaidia mama yake kuuza dagaa Mwanza, naye hajawahi kuliona ziwa. Nimeshika kwa mikono yangu maombi ya watu wawili wasiojuana, mama mmoja, dagaa walewale.

Wanaosoma maandiko hayo husoma mamia. Hawahitaji chombo cha kisasa ili kuigundua kalibu moja ikitoa vinyago viwili. Na hata wasipogundua, kuna usaili. Mtu anaulizwa kwa upole tu, tuambie habari za mama na ile biashara ya dagaa, na anatazama dari.

Tanzania inajua gharama ya karatasi isiyo ya kweli. Aprili 28, 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na ndani yake walikuwamo 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Wengine walikuwa wamekwisha kuzeeka kazini, wamejenga, wamesomesha. Sisemi kunakili andiko la dagaa ni sawa na kughushi cheti, na ninaona ni dhuluma kuyaweka makosa yote kwenye kapu moja. Ninachosema ni kwamba karatasi uliyoiweka kwenye faili ikiwa na doa haifi ukishapokelewa. Inakaa humo, kimya, ikikusubiri upande cheo.

Lakini kisa kinachoniuma ni changu, na nimekiweka nyuma kwa sababu kukisema ni kazi.

Niliwahi kuwa mkuu wa idara katika taasisi moja ya fedha. Chini yangu kulikuwa na kijana aliyepangiwa mkoa wa Tabora, kwenye mikopo ya wakulima wa tumbaku. Mikopo ilikuwa imechacha, watu hawarejeshi. Yeye aligundua kwamba tulikuwa tunawadai wakulima marejesho ya kila mwezi ilhali fedha yao huja mara moja, msimu wa masoko. Alikwenda Urambo na Kaliua, akakaa na viongozi wa vyama vya msingi, akapanga upya ratiba nzima ya malipo, akarudi ofisini kupigania mpango wake mpaka ukapita. Ilikuwa kazi ya mtu mzima.

Akaomba nafasi ya kusoma MBA nje ya nchi, akaja kuniomba barua ya udhamini. Nilikuwa na shughuli nyingi. Nilimwambia maneno ambayo wakuu wengi huyasema hapa kwetu na huyasema kwa wema kabisa: andika mwenyewe, lete nitie sahihi. Akaandika. Aliandika vizuri kuliko ambavyo ningeandika mimi. Nikaipitia harakaharaka, nikatia sahihi, nikampa na baraka.

Baada ya wiki kadhaa shule ile ilinipigia simu. Mama mmoja, sauti ya utulivu. Alisema wamependezwa sana na mwombaji na angependa kusikia zaidi juu ya safari ya Urambo, kwa kuwa barua yangu ilieleza kwamba nilikuwapo siku kijana alipokutana na viongozi wa wakulima, na kwamba nilimwona akibadilisha mkutano uliokuwa umeanza kwa hasira. Aliyekuwa na hasira zaidi ni nani, na kijana alimwambia nini?

Sijawahi kufika Urambo.

Nilijaribu kujibu. Nilisema maneno ya jumla, kwamba ni kijana hodari, mwenye bidii, mwenye kujituma. Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, akakata simu. Baada ya mwezi kijana alipata barua ya mistari miwili.

Tazama jinsi mambo yalivyokuwa. Kila alichokiandika kuhusu kazi yake kilikuwa kweli tupu. Mkutano ulikuwapo, hasira ilikuwapo, ratiba mpya ilifanya kazi. Uongo uliokuwamo ulikuwa mmoja tu, kwamba mimi niliyaona. Alinipachika pale kwa sababu barua ya mdhamini hutaka shahidi, na shahidi hakuwa amejisumbua kwenda wala kuuliza. Ukweli wake wote ukazama pamoja na uongo ambao ungekuwa wangu kuukataa, kama ningesoma kwa makini kabla ya kutia sahihi.

Hakunilaumu. Tukikutana bado ananiamkia kwa heshima ileile, shikamoo mzee, na mimi namwitikia marahaba huku moyo ukinisuta. Mwaka uliofuata hakuomba tena. Ufadhili aliokuwa ameahidiwa ulikwenda kwa mtu mwingine, naye alikuwa ameshaoa na ana majukumu.

Nikiwafikiria wale 119 wa Harvard, hoja yao kwamba mlango ulikuwa wazi huniingia kwa namna ya pekee, kwa sababu katika kisa changu mlango niliufungua mimi. Kijana wangu hakuchungulia popote. Alipewa ruhusa na mwenye nyumba. Na nyumba ilimwangukia vilevile. Kwa hiyo siku hizi sitoshelezwi na kuwaonya vijana peke yao. Nyinyi mliokalia viti, mkuu wa shule, meneja wa tawi, daktari wa kitengo, mwalimu wa chuo: unapomwambia kijana ajiandikie, unamkabidhi kamba na unamwachia atafute mahali pa kuifunga.

Wiki mbili zilizopita alikuja nyumbani binti niliyemsimamia kazini kwa miaka mitatu ya mwisho kabla sijastaafu. Alikuja na zawadi ya maembe na kijibahasha. Tuliamkiana, akaulizia afya ya mama watoto, akanywa maji, kisha akatoa karatasi.

"Mzee, najua macho yanakusumbua," alisema. "Nimeshaiandika. Ni kusaini tu."

Nilimuuliza kama shule ile inatumia fomu ya maswali kwa wadhamini. Alisema ndiyo, ile iliyotayarishwa na GMAC, inayotumiwa na shule nyingi kwa pamoja ili mdhamini asilazimike kuandika barua kumi tofauti. Nilimwomba anisomee maswali. La kwanza kubwa linamtaka mdhamini amlinganishe mwombaji na wenzake wenye nafasi kama yake. La pili linamtaka aeleze onyo au ushauri mzito zaidi aliowahi kumpa mwombaji, na mwombaji alilipokeaje.

"Hilo la pili umeliandika nini?" nilimuuliza.

Aliinamisha macho kwenye karatasi. Alikuwa ameandika kwamba niliwahi kumshauri asifanye kazi kupita kiasi.

Nikachukua daftari, nikamwambia asogeze kiti karibu na taa. Nilimuuliza habari za mwaka wake wa kwanza, mteja gani alimpa shida, siku gani alitaka kuacha kazi. Mengine nilikuwa nayakumbuka, mengine sikuwahi kuyajua, na kwa hayo nilimwambia wazi kwamba nitayaacha nje kwa kuwa si ya kwangu kuyashuhudia. Saa ilikwenda. Mke wangu alileta chai, akarudi kuchukua vikombe. Nilikuwa nimejaza kurasa sita kwa mwandiko wangu na barua ilikuwa bado haijaanza.

Kisha nikamkumbusha hesabu za mwisho wa mwaka, zile alizonikabidhi zikiwa na pengo la milioni nne, nikamwita ofisini nikafunga mlango.

Alikaa kimya kwa muda. Nje mtu alipita akiburuta mkokoteni.

"Na hilo nalo utaliandika, mzee?"

Nilifungua ukurasa wa saba, nikamwambia anieleze alifanya nini siku ya pili yake.